Jicho la Baban Dhote Ndani ya Friji

Baban Dhote, fundi saa wa mtaa wa Mahal, mjini Nagpur, India, alipotoka hospitali baada ya kupona korona, mtaa ulimjia na pedha, vile vitamu vya maziwa na sukari, barakoa zikining'inia videvuni. Mahal habari njema haipokewi kwa mdomo mkavu. Jirani humega pedha, akamtia mwenye furaha kinywani kwa mkono wake, na kuukataa ni kuitukana bahati. Baban alikuwa na kisukari, na wote waliomlisha walilijua hilo. Alikuwa pia akimeza steroidi, dawa zinazopandisha sukari mwilini, ambazo Daktari Khandekar aliwagawia wagonjwa kama njugu bila kuwaambia waache lini. Alikula pedha zote. Wapumbavu wenye upendo nao ni wapumbavu.

Haikuchukua muda, shavu la kushoto likafa ganzi, pua ikatoa uchafu mweusi, jicho likavimba. Ilikuwa kuvu, ndugu wa ile inayoota kwenye mkate uliosahauliwa, na katika damu ya Baban ilikuta sukari ya kufanyia karamu. Daktari Khandekar alilitoa jicho kuvu isije ikapanda ubongoni, akalitia kwenye chupa, na chupa ikawekwa kwenye friji ya hospitali yake.

"Na dawa ya kuua kuvu?" aliuliza Kusum, mkewe Baban.

"Nagpur nzima hakuna, dada. Tafuteni."

Kusum alizunguka maduka ya dawa hadi kandambili ikakatika. Aliporudi, Baban alimwambia kwamba jicho lililotolewa bado linaona.

"Linaona nini, Baba Nilesh?"

"Giza. Mlango ukifunguliwa naona maboksi ya dawa yenyewe, yamejaa hadi juu. Yameandikwa jina la Diwani Ghodmare. Pembeni kuna chakula cha nesi."

Kusum alimfuata daktari. Daktari hakushangaa. Alisema macho mengine huchelewa kuzima.

"Dawa zipo, ni kweli. Ni za baba mkwe wa diwani."

"Anaumwa?"

"Bado. Ila ana kisukari, na pedha anazipenda."

"Kuvu inahamia jicho la pili, daktari! Mume wangu ni fundi saa. Jicho ndilo jembe lake!"

"Ndiyo maana nawaambia mtafute. Mimi sina roho mbaya, dada."

"Ungekuwa nayo ungefanya nini zaidi?"

Daktari alitazama saa yake, ambayo Baban ndiye aliyeitengeneza, akasema ana wagonjwa.

Jioni nesi alikuja kumuuliza Baban ni nani anayemlia wali wake kila mchana. Baban alimwambia ni daktari. Nesi alishukuru, akahamisha bakuli. Maboksi hakuyagusa. Mwenye nguvu mpishe, alisema.

Jicho la pili lilitolewa, likawekwa kando ya mwenzake. Tangu hapo Baban aliona vizuri zaidi, hata tarehe ya mwisho ya dawa aliweza kuisoma. Kaka yake Kusum alipata dawa kidogo mjini Raipur, ikatosha kuuokoa uhai. Nyumbani, kwenye meza ya kazi, saa za watu zilibaki wazi, na Kusum akazifunika kwa kitambaa.

Siku ya kuruhusiwa, Diwani Ghodmare alifika na mpiga picha. Baba mkwe wake alikuwa mzima kama kigongo. Nesi alipewa amri ya kutoa pedha kwenye friji, akayasogeza maboksi ya dawa, akatoa sahani, akafunga mlango.

"Hongera, kaka," alisema diwani, akimega. "Umeshinda. Fumbua mdomo."

"Hii pedha ni ya juzi," alisema Baban. "Niliiona ikiingia. Na dawa zako bado zimejaa."

"Wacha macho yako hayo!" diwani akacheka, na waliokuwepo wakacheka naye. Kusum hakucheka. "Fumbua, kaka, mpiga picha anangoja."

Baban akafumbua.