Mkono wa Mama Hapahapa

Sitajifanya shujaa: niliogopa. Mkuu wa chuo alikuwa ameketi nyuma ya darasa langu, akisubiri kuona kama mpango wake mpya unafanya kazi. Wanafunzi wa udaktari watazame masomo kwenye simu nyumbani, darasani waje kufanya mazoezi tu.

"Video zikitosha," alishaniambia, "muhula ujao hatutahitaji wakufunzi wengi."

Na video zenyewe nilizirekodi mimi, sebuleni kwangu, kwa simu yangu. Nilijichimbia kaburi huku natabasamu.

Wanafunzi huniita Mama Hapahapa. Nikifundisha sitaji upande, najigusa tu mwilini na kusema, "Hapahapa."

"Haya," nikawaambia. "Kidole tumbo kikivimba, mnabonyeza wapi?"

Wakazunguka vitanda vyenye wanasesere wa mazoezi. Mikono yote ikashuka bila kusita, chini ya kitovu, upande wa kushoto.

Kidole tumbo kiko kulia.

"Safi sana!" Mkuu, ambaye ni mtu wa mahesabu, si daktari, akapiga makofi. "Wote wamejua!"

Nikamnong'oneza msichana wa mbele, "Mwanangu, nani kakwambia kushoto?"

"Si wewe, mama? Kitabu kinasema kulia, lakini kwenye video ulishika huku. Tukasema kitabu kimekosea."

Nikafungua ile video. Kamera ya mbele ilikuwa imenigeuza kama kioo, kulia kwangu kumekuwa kushoto, nami nasema "hapahapa" kwa madaha. Na kesho wanangu hawa wanaingia wodini. Akilini nikamwona mgonjwa anaumwa kulia, daktari anabonyeza kushoto, anamwambia nenda nyumbani ukapumzike.

Ningeweza kunyamaza. Mkuu asingejua kitu.

"Mkuu, wamekosea wote," nikasema. "Na aliyewakosesha ni mimi."

Mkuu akainuka kitini. "Na zile video nyingine?"

"Sijui. Mpaka niwaone wakishika."

Nikavua viatu, nikamsogeza mwanasesere, nikalala chali kitandani.

"Njooni mmoja mmoja. Na mtaje upande."

Msichana akaja kwanza. Akaweka mkono chini ya kitovu changu, upande wa kulia.

"Kulia, mama?"

"Usiniulize," nikamwambia. "Kesho wodini sitakuwepo."