Kura ya Lowri Meurig

Bonde letu la Cwm Hesg, tunakozungumza Kiwelisi, lina watu wengi na majina machache. Ukiita "John!" kwenye mnada wa kondoo, nusu ya wanaume watageuka. Kwa hiyo tunaitana kwa baba, kwa shamba au kwa kazi. Mimi ni Ithel Mshonaji, kwa sababu nashona makoti. Elis, mkulima wa Tyddyn Mawr, ni mwana wa marehemu mzee Gruffydd, basi amekuwa Elis Gruffydd tangu anatambaa. Kabaila mwenye ardhi yote hii, anayekaa kwenye jumba la Plas, ni Bwana wa Plas tu, kama baba yake alivyokuwa. Na jirani yangu, mjane wa Meurig, aliitwa Lowri Meurig. Vitabu vya serikali vina majina mengine, lakini vitabu vya serikali haviji kunywa chai kwetu.

Zamani, kabla kura haijawa siri, mpiga kura alisimama mbele ya meza akataja kwa sauti jina la mtu anayemtaka. Msimamizi wa mashamba ya Plas aliketi pembeni akisikiliza. Meurig alitaja jina ambalo Plas hawakulitaka. Majira ya kuchipua yaliyofuata akapewa notisi ya kuhama shamba ambalo babu yake alikuwa ameling'oa mawe kwa mikono yake. Akaenda kuvunja mawe ya kuezekea kule machimboni. Vumbi likamwingia mapafuni, na hakufika uzee.

Alipokuwa kitandani, alimwambia mkewe, "Sijuti, Lowri. Ila ningependa waniulize tena."

"Wakiuliza, nitawajibu mimi," Lowri akasema.

Ilikuwa ahadi ya kumtuliza mgonjwa tu. Mwanamke angeulizwa na nani?

Kisha sheria mpya ikaja. Mpaka wakati huo, mambo ya barabara, madaraja na polisi wa kaunti yalikuwa yakiamuliwa na makabaila wenyewe kwa wenyewe. Sasa kungekuwa na baraza la kaunti, na wajumbe wake wangechaguliwa kwa karatasi ya siri. Mwanamke mwenye mume hakuwa na kura. Mjane mwenye nyumba aliyeilipia kodi alikuwa nayo.

Nilipolisoma hilo gazetini, mke wangu Nest aliacha kukanda unga.

"Kwa hiyo mimi, ili nipate kura, lazima wewe ufe?"

"Ndivyo inavyosema."

"Na uchaguzi ni lini?"

"Januari."

"Basi kula vizuri," akasema. "Januari imekaribia mno, sitawahi kushona nguo za msiba."

Lowri alikuwa kwetu siku hiyo, ameketi karibu na moto. Hakucheka. Aliniomba nisome tena pale kwenye mjane, nikasoma. Akainuka, akajifunga shali yake, akaenda makaburini, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Waliogombea katika bonde letu walikuwa wawili: Bwana wa Plas, na Elis Gruffydd. Niseme haki. Bwana huyu alikuwa mtoto shuleni siku Meurig alipofukuzwa, na kila Krismasi aliwapelekea wajane makaa ya mawe. Lowri alikuwa akiyapokea makaa yale, akishukuru, na kuyachoma. Hakumchukia. Alichotaka ni kuulizwa lile swali tena na kutoa lile jibu tena.

Alijua nyimbo zote za kanisani kwa moyo, lakini kusoma hakujua. Majuma yale ya kabla ya uchaguzi, vijana wa Elis walikuwa wakigawa kadi langoni pa kanisa, zenye maelezo ya kupiga kura. Lowri hakuchukua. Msimamizi mpya wa Plas, mtoto wa yule wa zamani, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na farasi wake, anaangalia mkono gani unapokea.

Nikamfuata njiani. "Shangazi, njoo jioni nikuonyeshe karatasi itakavyokuwa. Jina la Elis ni—"

"Jina la Elis nalijua," akanikatiza. "Nililijua wewe hujaota meno."

"Kulijua ni kitu kimoja, kulisoma ni—"

"Ithel. Wewe shona."

Nest alikuwa nyuma yetu, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilimwacha, nikidhani atamwomba mchungaji amfundishe.

Jumapili nyingi wakati ule nilimwona makaburini baada ya ibada. Kaburi la Meurig limepakana na la mzee Gruffydd, baba yake Elis. Lowri alikuwa akimaliza kwa mumewe, kisha anapiga magoti mbele ya jiwe la mzee na kupitisha kidole juu yake, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilidhani anasafisha ukoga.

Siku ya uchaguzi kulikuwa na theluji. Kura zilipigwa shuleni. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Lowri, amevaa ile kofia nyeusi ya Jumapili na viatu vya marehemu mumewe alivyovijaza pamba.

Karani aliletwa kutoka mjini, kijana mpole ambaye hakujua Kiwelisi hata salamu. Akamwuliza jina.

"Lowri Meurig," akajibu.

Karani akapekua daftari, akatikisa kichwa. Hakuna mtu huyo. Nyuma yetu watu wakaanza kunong'ona. Mimi Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia vitambaa, kwa hiyo nikasogea nikaangalia pamoja naye.

"Huyu hapa," nikasema. "Laura Pugh."

Lowri akanigeukia. "Nani huyo?"

"Ni wewe, shangazi. Ndivyo walivyokuandika."

"Laura!" akasema. "Na Meurig wamemweka wapi?"

"Meurig hayumo. Pugh ni jina la ukoo walilomwandika nalo machimboni."

Mzee mmoja nyuma yangu akaropoka, "Shukuru hawakukuandika Victoria, kama Malkia, Lowri! Ungedaiwa nchi nzima!" Watu wakacheka, na hata yeye akatabasamu kidogo.

Karani akampa karatasi, akamwuliza kama anajua kusoma. Kama hajui, sheria inaruhusu aitaje kura yake na yeye karani amwekee alama, mbele ya mawakala wa pande zote mbili. Nikamtafsiria. Lowri akatupa macho pembeni. Pale mezani, wakala wa Plas alikuwa yule yule msimamizi, na alivyoketi mguu juu ya mguu ungedhani ni baba yake.

"Mwambie nimeshasikia watu wakitaja kwa sauti," akasema Lowri. "Mimi nitaweka mwenyewe."

Akaingia nyuma ya pazia la gunia na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, aliikunja karatasi mara nyingi, akaitumbukiza sandukuni, na akaacha kiganja chake juu ya kifuniko mpaka karani akakohoa. Sijapata kuona uso kama ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo begani na bado anausikia uzito wake.

Nje akasimama kwenye theluji. "Nimemjibia," akaniambia. "Sasa hata nikifa leo."

"Usife leo," nikasema. "Nest ametengeneza supu."

Kesho yake mchana matokeo yalitangazwa kwenye ngazi za soko, mjini. Tulikwenda kwa mkokoteni wa Tyddyn Mawr, Lowri akiwa mbele, amefunikwa blanketi. Uwanja ulijaa. Afisa mwenye kofia ndefu akatoka, akasoma kwa Kiingereza, sauti yake ikikatwa na upepo. Kwanza akataja Edmund Griffith na kura zake. Kisha akataja Ellis Roberts na kura zake, na hakuwahi kumaliza, kwa sababu uwanja mzima ulilipuka. Kofia zikarushwa. Wanaume waliokuwa hawasalimiani wakakumbatiana. Nest alinikumbatia mimi, kisha akamkumbatia mwuza samaki.

Lowri alinivuta mkono wa koti.

"Ithel, amesema Griffith nani?"

"Edmund Griffith. Bwana wa Plas, shangazi. Ndilo jina la ukoo wao."

"Plas wanaitwa Griffith?"

"Kwenye karatasi. Nani aliwahi kuwaita hivyo?"

"Na huyo mwingine?"

"Ndiye Elis wetu! Ellis Roberts. Babu yake alikuwa Robert, na ofisi ya Plas ilipoandika wapangaji wake, jina hilo likawabakia. Elis ameshinda, shangazi. Ameshinda kwa mbali!"

"Karatasini waliandikwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Aliutoa mkono wake kwenye koti langu, akaufunika na mkono mwingine, kama mtu aliyejichoma na chungu cha moto.

Elis alibebwa begani mpaka juu ya ngazi. Si msemaji, ni mkulima, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi. Alipomwona Lowri kwenye mkokoteni akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Ndugu zangu," akasema, "wengi wenu mnamkumbuka Meurig. Mnakumbuka alisema nini pale mezani na kilichompata. Jana mkewe alikuja kwenye theluji kwa miguu yake, akamjibia. Katika kura zangu zote hakuna ninayoiheshimu kama ile ya Shangazi Lowri."

Uwanja ukaimba. Ulikuwa wimbo wa kanisani, sauti nne, wanaume wa machimboni wakishika ile ya chini. Wote walimgeukia yeye. Lowri aliketi wima, kofia yake imenyooka, akapokea wimbo wote mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Nasikia baridi. Nirudishe nyumbani."

Siku zilizofuata hakutoka. Nilimpelekea mkate na mtindi, nikamkuta ameketi bila moto, na makaa ya Plas yapo kwenye ndoo, hayajaguswa.

"Shangazi, unaumwa?"

"Zile karatasi," akasema, "zinaweza kufunguliwa?"

"Zimefungwa kwa lakiri. Hata zikifunguliwa, hakuna anayejua ipi ni ya nani."

"Mimi yangu naijua."

Akanieleza. Jina la Elis alijifunza kwenye jiwe la baba yake, kwa kidole, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka akaweza kulichora kwenye unga. Neno lile kubwa la juu. Fundi mchonga mawe alikuwa ameliandika Kiingereza, Gruffydd likawa Griffith, kama wanavyofanya wote. Na nyuma ya pazia la gunia alilitafuta, akalikuta lipo, herufi zote zimekamilika, na akaweka alama pembeni yake kwa nguvu hadi risasi ikavunjika.

Nilikaa chini. "Elis ameshinda, shangazi. Kura moja haikumpunguzia kitu."

"Sikuwa nikimpigia Elis," akasema.

Niliwasha moto, kwa kuni zangu, nikaondoka. Nje nilipita makaburini. Jiwe la mzee Gruffydd limezama kidogo kwa uzito wake, kama mengi pale, na nyasi zimelipanda miguuni. Nikazifunua. Chini ya GRIFFITH, kwenye mstari wa pili uliofukiwa na majani na udongo, lilikuwepo: ROBERTS.

Siri ile tulikaa nayo wawili. Nest nilimwambia baada ya miaka mingi, akalia. Elis hakuwahi kujua, na kila alipopita kwa Lowri alivua kofia, naye Lowri kila mara aliangalia kando. Watu walisema ni unyenyekevu.

Kaburini kwa Meurig aliacha kwenda. "Nikamwambie nini?" aliniuliza. Mimi ndiye niliyekata nyasi pale, za makaburi yote mawili. Lakini kabla ya uchaguzi wa pili, miaka mitatu baadaye, aligonga mlango wangu na sahani ya unga mkononi.

"Nionyeshe lile la chini," akasema.

Alikuwa mwanafunzi wa taratibu na mwangalifu. Tulianza na R. Kufikia Krismasi aliweza kuandika Roberts, na Griffith pia, ili alijue na kuliruka. Alijifunza hata Laura Pugh. "Safari hii wasinizuie mlangoni," akasema. Akaanza tena kwenda makaburini, ila alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyekuja mapema kabla ya miadi.

Siku ya kupokea majina ya wagombea ilipita. Bwana wa Plas hakupeleka jina lake, wala hakusimamisha mtu mwingine. Nilipata habari kwa mhunzi, nikaenda moja kwa moja kwa Lowri, kwa sababu sikutaka aisikie barabarani.

Nilimkuta anapiga brashi ile kofia nyeusi.

"Elis amepita bila kupingwa, shangazi," nikasema. "Hakutakuwa na kupiga kura."

Aliendelea kupiga brashi, upande mmoja, kisha mwingine.

"Kwa hiyo hawataniuliza?"

"Mwaka huu hawaulizi."

Akaitikia kwa kichwa. Aliirudisha kofia kwenye sanduku lake, akaifunika kwa karatasi laini, akafunga kamba. Kisha akanikaribisha chai, nami nikakaa nikanywa, ingawa ilikuwa imepoa.

Alifariki kabla ya uchaguzi wa tatu. Tulimzika kando ya Meurig, na Elis alishika jeneza upande wa kichwani. Fundi mchonga mawe aliniuliza aandike jina gani. Nikamwambia aandike Lowri Meurig, aliandike kubwa, na aliache peke yake.