Karatasi Tatu za Mama Mkwe

Muuguzi alikuwa ameshafeli mara moja mtihani wa kusoma vipimo vya moyo, na hakuna aliyemkumbusha jambo hilo kama mama mkwe wake. Si kwa ubaya, jamani. Bibi yule, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, alimpenda mke wa mwanawe kupita kiasi, na kumtania ndiyo ilikuwa njia yake ya kumdekeza. Kila jioni alimhoji kwa karatasi za mazoezi huku akishona, mpaka bibi naye akajua kwamba moyo una umeme wake, kwamba umeme huo huanzia vyumba vya juu na kushuka chini, na kwamba kwenye karatasi hutangulia kilima kidogo, kisha hufuata mchomo mrefu.

Wiki moja kabla ya kurudia mtihani, muuguzi alimwomba aje zahanati mchana, watu wakishapungua, ili amfanyie mazoezi.

"Watu wakisikia mkwe wangu amenivua nguo mchana kweupe, nitauweka wapi uso wangu?" bibi aliuliza akiwa amelala kitandani.

"Uweke kwenye mto, Mama, na unyamaze. Ukicheka mashine inaandika upuuzi."

Alimbandika vibandiko sita kifuani, akamfunga nyaya mikononi na miguuni, akabonyeza. Karatasi ikatoka taratibu. Muuguzi akaitazama, akairudia tangu mwanzo. Vile vilima vidogo havikuwepo. Michomo nayo ilikuja ovyo, miwili karibu karibu, mmoja mbali.

"Umetikisika," akasema.

Hapo lazima nimseme. Mama wa watu alikuwa ametulia tuli! Lakini muuguzi akambandua, akamfuta ngozi kwa spiriti, akapima upya. Yakatoka yale yale. Akasingizia nyaya, akakimbia chumba cha pili kuazima nyingine, akapima mara ya tatu. Angekuwa mgonjwa mwingine, daktari angeshaitwa tangu karatasi ya kwanza.

"Mashine mbovu hii. Vaa tu, Mama, twende nyumbani." Akazikunja karatasi zote tatu na kuzitia mfukoni.

Bibi akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

"Mama, hizi si za..."

"Nimesema nionyeshe."

Bibi akaketi, shuka kifuani, akazipokea karatasi, akaomba kalamu na kipande cha karatasi nyeupe. Akaweka ukingo wake chini ya michomo, akatia alama tatu, kisha akausogeza mbele, kama afanyavyo anapopima marinda ya sketi. Alama hazikuangukia popote. Akasogeza tena.

"Nafasi hazilingani hata mbili," akasema. "Na kilima hakipo. Si wewe uliyenifundisha?"

Machozi yakamlengalenga muuguzi.

"Haya. Niambie kama unavyomwambia mgonjwa usiyemjua."

"Vyumba vya juu vya moyo wako vinatetemeka badala ya kupiga sawasawa," muuguzi akasema. "Damu inaweza kutuama humo ikaganda, bonge likapanda kichwani, ukapata kiharusi. Dawa za kuzuia zipo, Mama, na watu wanaishi nazo miaka mingi. Lakini daktari akuone leo. Si kesho."

"Na ulitaka kunirudisha nyumbani?"

"Nilitaka uwe mzima!" Akaangua kilio.

Bibi akamvuta, akamfuta uso kwa pindo la shuka. "Mapenzi gani haya ya kuniua? Nipende, mwanangu, lakini nisome vizuri."

Muuguzi akatoka nje ya pazia amsubiri avae, akajipangusa, akazinyoosha karatasi vizuri. Kisha wakaongozana hadi mlango wa daktari, bibi akipiga domo njia nzima, akiuliza kama huyo daktari ameoa. Bibi alipoinua mkono kubisha hodi, mkono ukabaki hewani.

Muuguzi akamtazama. Blauzi ya bibi ilikuwa imefungwa kombo, kifungo cha kwanza kwenye tundu la pili, na vyote vilivyofuata vivyo hivyo. Fundi wa miaka arobaini.

"Naogopa," bibi akasema.

"Hata mimi, Mama."

Akamgeuza taratibu amwelekee, akafungua vifungo kimoja kimoja, akavifunga upya kuanzia juu. Kisha akamshika mkono na kubisha yeye.