Betri ya Luhende

Mabula alikuwa fundi redio pale gulioni Ngulyati, na kwa miaka ishirini hakuna aliyembishia habari za betri. Tochi ikififia watu walimletea mawe yake. Aliyabonyeza kwa kidole gumba, akayatenga mafungu mawili. "Haya yamekufa, tupa. Haya bado, kayaanike." Yakikaa juani siku mbili juu ya bati yaliwaka tena kidogo, na sifa alipewa Mabula, si jua.

Mdogo wake Luhende naye alikuwa na betri, ila yake ilikaa kifuani. Miaka tisa nyuma moyo wake ulianza kusahau kazi. Alianguka nyuma ya plau, akaanguka tena kisimani, mpaka hospitali kubwa ya Dar wakampasua chini ya mtulinga, wakamwekea kidude bapa kisichozidi kiberiti. Waya mwembamba ulitoka hapo ukapita ndani ya mshipa hadi moyoni. Moyo ukipiga wenyewe, kidude kinanyamaza. Ukichelewa, kinausukuma kwa umeme mdogo ambao mwenyewe hausikii. Aliambiwa asisogelee sumaku kubwa, kwa hiyo akija kwa kaka yake alikaa nje ya kibanda, mbali na spika zilizofunguliwa.

"Kaa huko huko, ngosha," Mabula humwambia, akimwita mwanamume kwa Kisukuma chao. "Ukigeuka redio nitakuuza."

Mwaka huu mwezi wa nne Luhende alirudi kutoka Dar amenyong'onyea. Walimwekea kipimo juu ya kifua, wakasoma, wakamwambia betri inakaribia kwisha. Haifunguliwi wala haichajiwi. Hutolewa kidude kizima kikawekwa kingine. Arudi mwezi wa sita, tarehe kumi na mbili, asikose.

Luhende aliogopa kisu. Ile mara ya kwanza, mzee wa kitanda cha jirani alipelekwa chumba cha upasuaji akiwa anacheka, na hakurudi. Luhende hakumsahau.

"Kaka," alisema akiwa nje ya kibanda, "wewe ndiye fundi. Betri ikianza kuisha mnaifanyaje?"

Benchi lilikuwa na wateja watatu, na Mabula alipenda kusikilizwa.

"Swali gani hilo? Unaianika!"

Benchi zima likaangua kicheko. Marcelo, muuza chumvi, akadakia, "Na ujigeuze, Luhende, usije ukaiva upande mmoja kama kiazi!"

Luhende alicheka nao. Alipoondoka, alikuwa hacheki.

Baada ya wiki tatu alikuja amenyooka, anatembea kama kijana anayekwenda kuposa.

"Kaka, imekubali! Kila siku saa nne mpaka saa saba navua shati, nalala kwenye turubai la pamba. Nguvu zimerudi. Hiyo Dar ya nini tena?"

Hapo ndipo Mabula angepaswa kusema kweli. Alijua mzaha wake ulipoanzia. Alikuwa amesikia kwa Luhende mwenyewe kwamba betri ile haichajiwi, na alijua mtu akipewa tumaini hunyanyuka hata kama hana kitu mwilini. Lakini benchi lilikuwa limejaa, na Marcelo alikuwa anamtazama kwa macho ya heshima ambayo hakuwahi kumpa.

"Si nilikwambia?" Mabula akasema.

Tarehe kumi na mbili ikapita. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha ulitumbuka mwezi wa saba, pamba ikiwa bado imerundikwa uani. Philomena, mke wa Luhende, alikuja gulioni anakimbia, mtandio umemwangukia shingoni.

"Shemeji, haamki! Anapumua, lakini haamki!"

Walimkuta kwenye turubai, kifua wazi, ngozi imebabuka na kuchubuka hadi kwenye kovu la kidude. Walimpakia kwenye gari la mzigo, Mabula akamshika kichwa njia nzima hadi Bariadi.

Daktari aliyewapokea aliitwa Joyceline, mama wa makamo mgeni wa mkoa. Alimbandika waya kifuani akatazama mashine.

"Mapigo ishirini na sita kwa dakika. Kidude chake hakifanyi kazi. Alitakiwa kubadilishiwa lini?"

"Mwezi uliopita," Philomena alijibu.

"Mbona hamkwenda?"

Philomena akamtazama Mabula.

"Na hiki kifua kimeunguzwa na nini?"

Daktari hakuwa na muda wa kusubiri. Alimchoma dawa ya kuharakisha moyo, akatoka kupiga simu apelekwe hospitali kubwa zaidi. Dawa ilimfumbua macho Luhende. Midomo yake ilikuwa ya majivu.

"Kaka."

"Nipo, ngosha."

"Waambie wanitoe nje. Humu hakuna jua."

Mabula alimbana mkono. Neno la kweli lilikuwa fupi tu, angeweza kulisema kwa pumzi moja. Akasema, "Subiri kidogo, wanakuja." Luhende akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwamini fundi wake. Alikata roho wakati wanamfunga mikanda ya machela.

Walikaa kwenye benchi la korido, Mabula na Philomena, wakisubiri maiti ifungwe. Philomena hakulia. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Jumatatu mawingu," alisema. "Jumanne mawingu. Jana Jumatano jua lilitoka, mimi nikamwita ndani saa sita aje ale ugali. Akasema bado, nikamgombeza, ugali unapoa." Akavikunja vidole vyote. "Mimi ndiye niliyemtoa juani, shemeji."

Mabula alivishika vile vidole, akaviachia.

"Wewe ni fundi," Philomena akasema. "Niambie tu, sitalia. Ningemwacha mpaka saa saba, ingejaa?"

Kwa miaka ishirini hakuna mtu Ngulyati aliyemuuliza Mabula habari za betri akakosa jibu. Philomena alimtazama, akasubiri. Alisubiri mpaka nesi alipokuja kuwaita, kisha akainama, akafunika uso wake kwa mtandio. Alikuwa amekwisha kuuelewa ule ukimya kuwa ni ndiyo.