Jicho Lisilo na Kope

Jicho langu halina kope, halilali wala halipepesi. Likiutazama mlima, mlima unasogea. Likimtazama mtu, mtu huenda asirudi nyumbani. Nini hicho?

Mkishindwa msinipe mji. Miji ninayo tele. Nipeni masikio tu.

Huku juu Michigan, kwenye misitu inayoishia Ziwa Superior, aliishi mjane mmoja jina lake Lempi, pamoja na mwanawe Arvo. Kinu cha mbao kilichokuwa kinamlisha Arvo kilifungwa, na Novemba ilipobisha hodi, friza lao lilikuwa na barafu tupu na samaki wawili waliokunjana kama wana baridi. Kulungu mmoja mnono angewavusha mpaka theluji iyeyuke. Bunduki ya marehemu baba ilikuwepo. Shida ilikuwa macho ya Arvo. Akiikazia macho ile ncha ya chuma mbele ya mtutu, kulungu anageuka ukungu. Akimkazia kulungu, ncha inapotea. Basi ikabidi itafutwe darubini ya kufunga juu ya bunduki, na itafutwe kwa pesa ya mtu asiye na kazi.

Wakaenda dukani kwa mzee Onni Salmela. Onni akaweka vitu juu ya kaunta. Kwanza darubini fupi nyeusi, iliyokwishatumika, inayokuza mara nne basi, na kando yake darubini kuukuu ya macho mawili, ya kuning'iniza shingoni.

"Hizi mbili nakupa pamoja," akasema.

Kisha akaweka nyingine, mpya, ndefu kama mkono wa mtoto, boksi lake lina picha ya dume mwenye pembe kama kichaka. Bei ilikuwa ileile.

"Mara ishirini na nne!" Arvo akasoma, macho yakamng'aa.

"Unakwenda kuwinda kulungu, au unatafuta matundu mwezini?" Onni akamuuliza.

"Mzee, hiyo yako fupi ni ya kutungia uzi kwenye sindano."

"Nacheka, lakini nisikilize, mwanangu. Kwa bei hii, ile ndefu wamekuuzia namba. Kioo hawakukuuzia."

Arvo akaielekeza dirishani. "Mbona nasoma mpaka bei ya mafuta pale kituoni! Mama, njoo uone."

Lempi hakwenda. "Hapa kuna taa," akasema. "Kwenye taa kila kioo ni malaika. Itoe nje, ungoje jua lizame, uitazame chini ya mierezi. Ndipo utajua umenunua nini. Na ile ya macho mawili je?"

"Ya nini tena? Nitaangalizia hii hii ya bunduki."

Onni akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Kila mtu pale alimjua Urho, kaka yake Lempi, aliyeanguka msituni siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda. Aliyempiga risasi alikuwa jirani, mtu mwema, mwimbaji wa kanisani. Alichosema mbele ya jeneza kilikuwa kimoja tu: nilikuwa naangalia.

"Arvo," Lempi akauliza polepole, "wewe ukiwa unaangalia tu, kidole chako kitakuwa wapi?"

"Aa, mama nawe! Umeanza." Akalipa, akachukua boksi. Swali likabaki pale kwenye kaunta kama glavu ya mtu aliyesahau.

Waliifunga juu ya bunduki, wakaijaribu nyuma ya sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, kwa kulenga sahani ya karatasi. Ilikuwa mchana mweupe, na matundu ya risasi yalikaa pamoja kama vifaranga. Hata Lempi alisifu.

Msimu ukafunguliwa. Arvo alikaa juu ya kilima siku baada ya siku, akirudi na pua nyekundu na mikono mitupu. Mwishowe akasema, "Mama, kulungu wamelala kule kwenye kinamasi cha mierezi. Wapitie jioni uwashtue, mimi niwasubiri huku juu."

"Nitawasukuma," akasema Lempi. "Lakini nitatokea upande wa barabara ya zamani. Sitatokea mbele yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

Lempi akavaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, cha kumtambulisha mtu msituni, akafunga kofia. Kitambaa chake cheupe cha kufutia pua akakiacha mezani, maana huku kwetu katika msimu wa kulungu hakuna anayetoa kitu cheupe mfukoni. Kulungu akikimbia huinua mkia, na mkia wake ni mweupe.

Kinamasi kilimgeuka. Chini ya theluji barafu ilikuwa bado nyembamba, na upande wa barabara ya zamani mguu wake ukazama mpaka gotini. Akajaribu pengine, akazama tena. Njia iliyobaki ngumu ilikuwa moja, na ilimtoa chini ya kilima, mbele ya mwanawe.

Alipofika ukingoni mwa mierezi, nuru ilikuwa imekwisha kuwa ya buluu. Akainua uso. Juu kule, katikati ya mashina, palikuwa na cheche ndogo. Mwisho wa jua ulikuwa umetua kwenye kioo.

Cheche haikutikisika.

"Arvo!" akaita. Upepo wa ziwani ukaliokota jina, ukaenda nalo nyuma yake. Akataka kupunga mkono, mkono ukakataa. Akamkumbuka Urho, ambaye naye alikuwa amevaa kizibao. Akatembea hatua moja, cheche ikamfuata. Akasimama. Ikasimama. Alisikia theluji ikidondoka kutoka kwenye tawi, pu, na akadhani ndiyo hiyo risasi.

Kisha cheche ikazimika.

Arvo akashuka kilima mbio mbio, akicheka kicheko kisicho na mahali pa kukaa. "Mama! Nimekuona waziwazi! Mpaka kifungo chako cha juu, umesahau kukifunga! Si nilikwambia hii darubini ni kiboko?"

Lempi alimtazama usoni. Midomo ya mwanawe ilikuwa myeupe. Akafunga kifungo, wakarudi nyumbani.

Alipasha moto mikate ya nyama na viazi, akamimina kahawa. Arvo hakugusa. Alikuwa amechukua bisibisi, anafungua skrubu za ile darubini moja moja, na skrubu zinamponyoka mkononi, zinabingirika chini ya jiko.

"Mle ndani mlikuwa giza," akasema, bila kuinua kichwa. "Niliikuza mpaka mwisho. Nikaona kitu cha kijivu kinatembea, basi. Nikawa natafuta pembe. Sikuziona, nikazungusha pete ya darubini nipunguze ukuzaji, labda nitaona vizuri. Nuru ikaingia. Ndipo ile rangi ya chungwa ikaja."

Lempi akaketi mbele yake. Hakuuliza kitu. Alikwisha uliza, kule dukani.

Arvo akaweka bisibisi chini. Akautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mgeni.

"Kwenye triga, mama," akasema. "Kidole kilikuwa kwenye triga."