Jiko la Mwanaidi

Mabasi yalipoacha kusimama, Bernadina alikuwa wa kwanza kulijua, kabla hata ya mwenye hoteli, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki na wali sufuriani.

Hoteli hiyo ilikuwa kando ya barabara kuu pale Korogwe, na kwa miaka mingi iliishi kwa mabasi ya Moshi na Arusha. Basi likisimama, abiria walimwagika kama siafu: huyu anakimbilia chooni, huyu anadaka chipsi, huyu anagombana na mhudumu kwamba kuku aliyepewa ni shingo tupu. Nyuma ya fujo zote hizo alikuwa Bernadina, jasho likimtiririka, mkono mmoja kwenye wali, mwingine kwenye mchuzi. Kisha ikafunguliwa hoteli mpya mbele ya safari, yenye vioo na uwanja mpana wa magari. Madereva wakapewa chakula cha bure huko. Mabasi yakahama moja baada ya jingine.

Mwenye hoteli, Mama Elina, alimwita siku moja nyuma ya stoo.

"Bernadina, sikufukuzi. Tumetoka mbali mimi na wewe. Ila kuanzia sasa utakuwa unakuja nusu ya wiki, na nitakulipa nusu."

"Sawa mama."

"Na siku isiyokuwa na wateja kabisa, tutaelewana."

Bernadina hakuchelewa kujua maana ya kuelewana. Maana yake ilikuwa kurudi nyumbani Kwamndolwa na wali wa kiporo ndani ya mfuko, badala ya hela.

Nyumbani kulikuwa na mume na watoto watatu. Mumewe, Julius, alikuwa fundi mwashi, na fundi hasa. Lakini tangu aanguke kwenye jukwaa la ujenzi kule Hale, mkono wake wa kulia haukuinua tena tofali. Alikaa barazani akishona viatu vya majirani kwa mkono wa kushoto, na wengi wa majirani hao walilipa kwa ahadi. Kwa hiyo nusu ya Bernadina ndiyo ilikuwa nzima ya nyumba. Mtungi wa gesi uliuzwa, wakarudi kwenye kuni. Sukari ikatoka kwenye uji. Loveness, mkubwa wao, aliyekuwa kidato cha pili, akatolewa hosteli akawa anatembea kwa miguu kwenda shule alfajiri na kurudi jioni. Hakulalamika, na kule kutolalamika kwake ndiko kulikomuumiza mama yake zaidi.

Siku ambazo hakuwa zamu, Bernadina alizunguka kutafuta kazi. Hoteli moja walimwambia wanataka wasichana, siyo akina mama. Nyingine waliuliza cheti cha upishi, naye hakuwa na cheti, alikuwa na mikono. Kwenye kambi ya mkonge kule Mnyuzi walimwambia, "Tuachie namba, tutakupigia," na yeye akaacha namba, akawa anaitazama simu kama mtu anayesubiri maji kwenye bomba lililokatwa. Kuna mahali alipika siku nzima kwa majaribio, jioni wakamwambia ladha ni nzuri, wakamshukuru, wakafunga mlango.

Aliyemletea habari njema alikuwa Sadala, dereva wa fuso aliyekuwa akipeleka kuni mashuleni na kula kwa Mama Elina tangu enzi za mabasi.

"Dada Bernadina, kuna shule binafsi ya bweni Handeni, nje kidogo ya mji, wanatafuta mpishi. Meneja anaitwa Mwalimu Filemoni. Nenda haraka, kabla hawajasikia wengine."

Alikwenda kesho yake. Mwalimu Filemoni alikuwa mtu mwembamba, mwenye haraka, na alimpokea akiwa amesimama nje ya ofisi.

"Umewahi kupikia watu wengi?"

"Mabasi manne kwa mpigo, mwalimu."

"Vizuri. Sikiliza. Mpishi ninaye, ila ni mtu mzima, macho yake yamekwisha. Majuzi mtoto katafuna jiwe kwenye maharage, jino limemeguka, mzazi kaja juu hapa na kelele. Siwezi tena. Utapika naye cha jioni na uji wa asubuhi, nikuone. Yeye nimemwambia unakuja kumsaidia."

Bernadina akamtazama. "Hajui kwamba anaondoka?"

"Nitamwambia mwenyewe kesho. Wewe usimwambie kitu. Akikasirika leo, nani atawalisha watoto?"

Lilikuwa jambo la kugeuza miguu na kurudi stendi. Bernadina alilijua hilo. Lakini alifikiria nauli aliyokuja nayo, aliyoikopa kwa jirani, akamfikiria na Loveness gizani barabarani. Akasema, "Sawa, mwalimu."

Jikoni alimkuta mama mnene, mfupi, amejifunga kanga mbili, anapuliza moto. Moshi ulikuwa mwingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Ndiye wewe? Alhamdulillahi." Yule mama aliinuka akamshika mikono yote miwili na kusogeza uso karibu, kama anayesoma maandishi madogo. "Naitwa Mwanaidi. Msaidizi nimemwomba mpaka nimechoka. Nikasema hawa wataniletea msaidizi siku ya maziko yangu. Kwenu wapi?"

"Nakaa Korogwe, mama. Ila kwetu hasa Lushoto."

"Mshambaa!" Mwanaidi akacheka. "Basi mtani wangu. Leo Wazigua tumepata mtumishi."

Walifanya kazi pamoja mchana ule wote, na Bernadina, aliyekuwa amekuja na moyo wa kumchukia ili mambo yawe mepesi, hakuweza. Mwanaidi alisonga ugali wa bweni zima kwa mwiko mrefu kama jembe, bila kupumzika. Aliwajua watoto kwa sauti zao. Alijua yupi tumbo lake halipendi maharage, yupi ametoka kufiwa na asisemwe akimwaga chakula. Maji ya Handeni ni ya shida, na yeye aliyatumia kama dawa: ya kuoshea mchele yakaloweka masufuria, ya masufuria yakamwagiwa mchicha nyuma ya jiko. Kasoro ilikuwa moja tu. Alipokaa kuchagua maharage hakuyatazama. Aliyapitisha vidoleni polepole, na mawe madogo yenye rangi ya maharage yakapita pamoja nayo.

Bernadina alichukua ungo. "Nipe mama, nichague mimi."

"Mungu akubariki," alisema Mwanaidi, na kwa sauti ya chini akaongeza, "Usiwaambie."

Jioni, watoto walipokwisha kula, Mwanaidi alimchukua mgeni wake kwenda kulala kwake. Kilikuwa chumba na sebule vya kupanga, umbali wa kutembea kutoka shuleni, pasafi, na picha ya marehemu mumewe ukutani. Alimpikia bada, ugali wa muhogo wa kwao, kwa mlenda na dagaa, akampa kigoda kizuri, mwenyewe akakaa chini kwenye mkeka.

"Nikwambie siri yangu, mama Loveness," alisema wakiwa wanakula. "Haya macho ni mtoto wa jicho. Daktari wa Korogwe kaniambia anatoka, ni kufanyiwa upasuaji tu. Lakini nitaondokaje? Nikiondoka jiko linalala, na jiko likilala mwalimu atatafuta mtu. Ndiyo maana nilikuwa naomba msaidizi. Sasa upo wewe. Wakifunga shule nakwenda, nikichelewa kidogo kurudi unanishikia. Nikirudi naona mpaka sindano."

Bernadina alirudisha tonge sahanini. Maneno aliyatafuta akayapata, yakawa yamekaa pale pale ulimini: mama, mimi sikuja kukusaidia.

"Mama," alisema.

"Naam, mwanangu."

"Bada lako tamu."

Mwanaidi alicheka, akamwongezea.

Asubuhi uji ulipikika vizuri. Baada ya watoto kuingia madarasani, Mwalimu Filemoni alimwita Bernadina ofisini. Alikuwa ameonja uji na amewauliza watoto kuhusu maharage ya jana. "Kazi ni yako," alisema. "Utalala humu humu shuleni, kuna chumba nyuma ya stoo. Mshahara utapata kila mwezi, na chakula."

Bernadina hakusema asante. Alikuwa amejipanga tangu alipoamka, na akayasema kabla hajaogopa.

"Mwalimu, mama yule ni mpishi mzuri. Macho yake yanatibika. Mpe ruhusa akatibiwe, mimi nitakuwepo. Akirudi tukae wawili. Watoto ni wengi."

"Wawili?" Mwalimu Filemoni aliegemea kiti. Hakukasirika. Alionekana kama mtu anayefanya hesabu rahisi. "Mshahara ni mmoja. Mkitaka kugawana mimi sina neno. Nusu wewe, nusu yeye. Sema sasa hivi nimwite, tuandikishane."

Nusu Bernadina aliijua. Ilikuwa ni uji usio na sukari. Ilikuwa ni Julius akigeuza uso watoto wanapouliza kuna nini cha kula. Alikuwa amesafiri mpaka Handeni kuikimbia nusu, na sasa imekaa mezani inamsubiri, na safari hii anatakiwa aichague kwa mdomo wake mwenyewe. Angeweza. Hata baadaye, katika siku zote zilizofuata, hakujidanganya kwamba asingeweza. Alitazama sakafu. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na nje darasa la watoto wadogo lilikuwa likiitikia mwalimu wao.

Alinyamaza mpaka kunyamaza kukawa jibu.

"Basi," alisema Mwalimu Filemoni, "niitie huyo mama."

Mwanaidi hakukaa sana ofisini. Aliporudi jikoni alikuwa akitembea amegusa ukuta, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele za watu. Alianza kukusanya vyake: kanga moja, kikombe, kisu chenye mpini uliofungwa mpira, na mswala aliokuwa akiswalia nyuma ya stoo.

"Ulijua?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu jana nilipofika."

"Kabla hujaja kula kwangu?"

"Kabla."

Mwanaidi aliitikia kwa kichwa, taratibu. Bernadina alianza kulia, akasema ana watoto watatu, akasema mume wake hana mkono, na Mwanaidi akamwacha aseme yote mpaka mwisho, kama unavyomwacha mtoto amalize kwikwi. Kisha alisema neno moja la Kizigua, ambalo Bernadina hakulielewa na hakuwa na uso wa kuliuliza, akatoka.

Kazi ilimsaidia, hilo halina ubishi. Mwisho wa mwezi alituma hela Kwamndolwa, na Loveness akarudi hosteli. Julius alipiga simu, sauti yake imechangamka kama ya zamani, akasema wamenunua nyama na watoto wamekula mpaka wamelala mezani. Bernadina alimweleza habari ya Mwanaidi kwa kirefu, hakuficha kitu.

"Ungefanyaje sasa, mke wangu? Mwenye njaa hana miiko."

Alitaka amwambie jambo jingine, lolote, hata amtukane. Akaaga, akakata simu.

Muhula ulipokaribia kwisha alinunua sukari, mchele na kanga mpya, akaenda hadi kwenye kile chumba na sebule. Mlango ulifunguliwa na kijana asiyemjua. Akageukia nyumba ya pili, ambako mwanamke alikuwa anaanika nguo.

"Samahani dada, namwulizia Mama Mwanaidi."

"Alihama. Kodi ilimshinda. Kachukuliwa na mwanawe, wako Mnyuzi huko."

"Na macho? Alikwenda kutibiwa?"

"Kwa hela gani? Sasa anashikwa mkono mpaka chooni." Yule mwanamke aliacha kuanika, akamtazama vizuri, kuanzia kilemba mpaka mfuko aliobeba. "Wewe ndiye nani?"

"Nilifanya naye kazi."

"Ahaa. Wewe ndiye yule Mshambaa aliyelala hapa."

Bernadina alisogeza mfuko mbele. "Kama kuna mtu wa kwenda Mnyuzi, naomba ampelekee."

"Mnyuzi unaijua njia yake," alisema yule mwanamke. "Unapita kwenu Korogwe. Mpelekee mwenyewe."

Akaokota beseni lake, akaingia ndani.

Bernadina alisimama pale jua likimpiga, hata yule kijana akatoka kuuliza kama anahitaji msaada. Akasema hapana. Likizo ilipofika alipanda gari kwenda Korogwe, na mfuko ule ulikuwa mapajani. Aliteremka, akapanda pikipiki hadi Kwamndolwa, watoto wakampokea mizigo kwa vigelegele, na Loveness akaifungua kanga akajifunga kiunoni.

"Ni yangu, mama?"

"Ndiyo," alisema Bernadina. "Ni yako."