Mama Hoza Akagua Hifadhi Isiyo na Malaria

Usiku wa jana Mama Hoza aliota amepanga foleni kwenye lango la hifadhi ya wanyama, na aliyekuwa mbele yake katika foleni ni mbu.

Mbu mwenyewe alikuwa wa kimo cha mtu mzima. Alivaa koti la mvua na kukumbatia mkoba wa ngozi, kama mwalimu anayesafiri kwenda kusimamia mitihani.

Jina lake hasa Mama Hoza ni Mwantumu, lakini pale Muheza wengi wamelisahau. Hoza alikuwa mtoto wake wa kwanza. Malaria ilimchukua kabla hajafika umri wa kuanza shule. Mtoto aliondoka, jina likabaki kwa mama. Jioni kabla ya ndoto hiyo, mumewe, Mhina, alikuwa amekunjua ramani mezani na kumwambia kwamba likizo hii waende wote watatu, wao na binti yao Zaina, kwenye hifadhi moja ya nyanda za juu. Zaina alikuwa na hamu ya kumwona kifaru. Na huko, Mhina alisema, hakuna malaria kabisa.

"Nani aliyemuuliza mbu?" Mama Hoza alijibu, akaenda kulala.

Basi ndotoni akamuuliza.

"Shikamoo, mama," mbu alimwahi.

"Marahaba. Na wewe unaingia humu?"

"Kila msimu naomba, kila msimu wananirudisha. Nikivuka ule mstari pale, mabawa yanashikwa na baridi. Sina kinyongo. Ni taratibu zao."

Askari wa lango alikuwa ngiri mwenye kofia ya kazi. Alipiga magoti, maana ngiri hafanyi jambo la maana akiwa wima. Alimtazama mbu mara moja tu.

"Malaria haiingii."

"Nimesikia, afande," mbu alisema. Akafunga mkoba wake, akamtakia Mama Hoza safari njema, akashuka mlima kwa miguu.

Ngiri akamnusa Mama Hoza. "Na wewe unayo."

"Sina! Nimepima juzi."

"Haiko kwenye damu. Iko kwenye begi."

Alilifungua begi, akavuta chandarua. Akavuta. Chandarua hakikuisha. Kilijaa kwenye kibanda cha lango, kikafunika barabara, kikapanda juu ya mti, na mwisho wake bado haujaonekana.

"Naomba kusema," chandarua kikasema kwa sauti iliyochoka. "Usiku namlinda Zaina, na kazi hiyo naipenda. Lakini mama huyu hunitundika hata mchana. Ananitundika juu ya meza ya kulia. Siku ya sherehe ya shule alinivisha mtoto kichwani akamwambia aimbe. Mimi ni chandarua, ndugu askari. Kazi yangu ni ya usiku."

Ngiri akamgeukia Mama Hoza. "Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Mama Hoza, na aliona haya kidogo tu, kwa sababu angeweza kufanya hivyo tena kesho.

"Basi kikae hapa kipumzike. Utakichukua ukitoka."

Chandarua kikajikunja chenyewe, vizuri kuliko alivyowahi kukikunja yeye.

Akavuka mstari. Upande wa pili ulikuwa ukumbi wa nyumba yao ya Muheza, isipokuwa paa halikuwepo na sakafu ilikuwa nyasi fupi za milimani. Mhina na Zaina walikuwa wameketi mezani wamevaa masweta, wanakunywa chai. Hawakushangaa kumwona.

"Kaa, mama Hoza," Mhina alisema. "Gari la wanyama linakuja."

Gari linakuja. Ni gari la wanyama kweli, kama lilivyoitwa, kwa sababu waliopanda ni wanyama. Dereva ni nyumbu. Nyuma yake wameketi pundamilia wawili wa makamo, na twiga ambaye shingo yake imepitishwa kwenye tundu la paa. Wote wana darubini. Gari linasimama karibu na meza.

"Mkono wenu wa kulia," anasema nyumbu kwa sauti ya chini, "ni familia. Baba, mama, na mtoto mmoja. Tafadhali msiwatupie chakula."

"Niliambiwa watoto ni wawili," twiga analalamika.

"Ni wawili. Mmoja haonekani kirahisi. Inabidi kuvumilia."

Mama Hoza anaweka kikombe chini. "Yuko wapi huyo wa pili?"

"Mama, haturuhusiwi kuzungumza na familia," nyumbu anasema, lakini anageuza gari polepole sana, kama mtu anayetaka kufuatwa.

Mama Hoza alilifuata. Alivua viatu, akapandisha kanga magotini, akakimbia, na Zaina nyuma yake. Gari likawafikisha kwenye bwawa. Kando ya bwawa alisimama kifaru, na juu ya mgongo wa kifaru aliketi Hoza, mdogo vilevile, na ile kaptura ya bluu aliyomshonea mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema Hoza.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilitoka sawasawa, naye akashangaa. "Unafanya nini huku?"

"Huku hakuna malaria."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini duka limefungwa.

"Umekula?"

"Nimekula. Kifaru ananipikia."

"Mwongo huyu," kifaru alisema. "Anakula nyasi kama mimi. Na hatafuni vizuri."

Mama Hoza alinyoosha mkono, akauweka kwenye paji la uso la mwanawe. Mara ya mwisho alipoligusa lilikuwa linaunguza. Sasa lilikuwa la baridi kama mtungi. Aliuacha mkono pale muda mrefu, na kifaru hakutikisika.

Zaina alikuwa akimpima yule mtoto kwa macho. "Ndiye kaka?"

"Ndiye."

"Mbona mimi mkubwa?"

Zaina akafikiri, kisha akainama kidogo kwa adabu. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu Hoza, na kifua kikamjaa fahari.

Mama Hoza alikuwa ameshaanza kutafuta pa kukaa. Aliona jiwe zuri, akalipangusa vumbi, akaketi.

"Mama, wageni hawalali humu," kifaru alimwambia kwa upole.

"Mimi si mgeni. Mimi ni Mama Hoza."

"Najua. Na huyu binti je, mama yake nani?"

Hapo alisimama. Ilimchukua muda, lakini alisimama, akamshika Zaina mkono.

"Mje tena," alisema Hoza. "Lakini mje macho."

Akaushika upindo wa kanga ya mama yake, akatia kitu, akafunga fundo huku ametoa ulimi nje kama afanyavyo mtoto kwenye kazi ngumu. "Cha njiani," alisema.

Asubuhi Mhina alikuwa dirishani, anafungua mapazia. Joto la Muheza lilikuwa limeshaingia chumbani.

"Baba Hoza," alisema mkewe kutoka kitandani. "Tutakwenda."

Mhina aligeuka taratibu. "Na ile hofu yako?"

"Ipo. Tutakwenda nayo. Mwambie Zaina atafute sweta."

Mhina akatoka, na sauti yake ikasikika ukumbini ikimwita binti yake kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Mama Hoza alishuka kitandani, akajifunga kanga vizuri. Upindo ukampiga gotini. Ulikuwa na fundo, baya, lililokazwa kupita kiasi. Alilifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na unyasi mmoja mfupi, umelowa umande, wa baridi kama uliochumwa sasa hivi. Upande mmoja ulikuwa umetafunwa, na meno yaliyoutafuna yalikuwa madogo.